Maswali ya Wasomaji: Kiwavi wa Hariri, Chakula au Dawa?

Makala yetu ya senene na kumbikumbi ilileta barua nyingi, na sehemu kubwa ya barua hizo iliuliza habari za mdudu ambaye hatukumtaja kabisa: kiwavi wa hariri, yule anayelishwa majani ya mforsadi na kutupatia uzi. Wapo wasomaji wanaomfuga, wapo waliomla wakiwa masomoni Korea ya Kusini, na wapo waliouziwa unga wake kwa ahadi ambazo hakuna daktari mwaminifu anayeweza kuzitoa. Barua nilizochagua nimezifupisha bila kugeuza maana yake. Naomba msomaji ashike jambo moja tangu mwanzo, kwa kuwa karibu majibu yote yanalitegemea: jina ni moja, lakini kinacholiwa si kitu kimoja. Kuna kiwavi anayekaushwa na kusagwa akiwa bado anakula majani, kuna pupa anayetolewa ndani ya kifukofuko na kuchemshwa, na kuna viwavi wa porini wa Afrika ambao ni jamii nyingine kabisa.

Mimi ni mkulima wa miforsadi karibu na Thika. Vifukofuko vikishachemshwa na uzi kuvutwa, wadudu wanaobaki tunawamwagia kuku. Binti yangu anasema Wakorea wanawala hao hao, na kwamba wana afya kuliko nyama. Je, ni chakula cha binadamu kweli, na tukitaka kuwala tufanyeje?

Ndiyo, ni chakula cha binadamu, tena cha siku nyingi. Hao mnaowamwagia kuku ni pupa, yaani mdudu aliyekwisha kuacha kula, akajizungushia uzi na kuanza kugeuka nondo. Korea ya Kusini chakula hicho huitwa beondegi. Huchemshwa na kutiwa viungo, kikauzwa barabarani kutoka kwenye sufuria kubwa zinazofuka mvuke, na mnunuzi hupewa kikombe cha karatasi na kijiti cha kuchomea. Madukani huuzwa katika makopo kama samaki wa kopo. Mazoea hayo yalienea wakati wa Vita vya Korea, 1950 hadi 1953, na katika miaka ya dhiki iliyofuata, nyama ilipokuwa adimu huku viwanda vya hariri vikiwa na pupa tele. Mkoani Nagano, Japani, pupa hupikwa kwa mchuzi wa soya na sukari mpaka wakolee, Thailand hukaangwa, na China, inayoongoza duniani kwa kuzalisha hariri, ni kitoweo cha kawaida katika mikoa kadhaa.

Kwa upande wa lishe, pupa aliyekaushwa ana protini inayozidi nusu ya uzito wake, na mafuta yanayofika robo au zaidi kidogo. Protini hiyo ina asidi amino zote ambazo mwili hauwezi kujitengenezea wenyewe. Mafuta yake yanavutia zaidi, kwa sababu takriban theluthi yake ni asidi ya alfa-linoleniki, ile omega-3 inayopatikana pia katika mbegu za chia, na si jambo la kawaida kuikuta kwa wingi namna hiyo katika kitoweo cha mdudu. Hata hivyo, mwili hugeuza sehemu ndogo tu ya asidi hiyo kuwa omega-3 ya aina iliyomo katika samaki, kwa hiyo anayekula samaki mara kwa mara hana sababu ya kumwacha akimbilie pupa.

Kuhusu kuwa bora kuliko nyama, naomba nimrekebishe binti yako kwa upole. Takwimu zinazozunguka mitandaoni hulinganisha pupa mkavu na nyama mbichi, na mlinganisho huo si wa haki, kwani pupa mbichi naye maji yanaweza kufika robo tatu ya uzito wake. Ukilinganisha kikavu na kikavu, dagaa wa Ziwa Victoria waliokaushwa vizuri nao wana protini inayozidi nusu ya uzito wao. Ndiyo maana simshauri mtu wa mjini aagize pupa kutoka ng'ambo kwa gharama kubwa kwa ajili ya protini peke yake. Kwako wewe hesabu ni tofauti, kwa sababu chakula hicho tayari kiko uani: inakadiriwa kwamba kila kilo moja ya uzi mbichi wa hariri huacha pupa wabichi wapatao kilo nane.

Sasa namna ya kuwaandaa, maana hapa ndipo watu huharibu. Pupa huoza haraka na mafuta yake huchacha upesi. Chukueni wale tu waliotoka katika vifukofuko vibichi vya msimu huo, waliochemshwa katika maji safi yasiyo na sabuni wala magadi, na muwaandae siku hiyo hiyo. Mweusi, aliyepasuka au mwenye harufu kali ya uvundo atupwe. Waliobaki waoshwe, wachemshwe upya kwa maji ya chumvi, kisha wakaangwe mpaka wakauke au wagandishwe kwenye friji wakiwa wamekwisha kuiva. Vifukofuko vilivyokaa stoo kwa miezi mingi havifai kwa chakula chenu, na hata kuku sikushauri. Jambo jingine ni dawa. Mfugaji wa hariri huogopa dawa za kuua wadudu kwa sababu viwavi wake wangekufa wote, na hilo ni heri kwa mlaji; lakini vyumba vya kufugia mara nyingi husafishwa kwa fomalini au dawa ya klorini, na trei zikitumika kabla hazijapigwa na hewa ya kutosha, dawa hizo huishia mahali zisipotakiwa. Mkifikiria kuuza badala ya kula wenyewe, anzeni na wataalamu wa kituo cha utafiti wa hariri cha KALRO, shirika la Kenya la utafiti wa kilimo na mifugo, ambacho kipo hapo hapo Thika.

Shikamoo, mshauri. Baba yangu ana miaka 67 na amekuwa na kisukari aina ya pili kwa muda mrefu. Anatumia metformini na glibenklamidi. Ndugu yetu aliyeko ng'ambo amemletea makopo ya unga wa viwavi wa hariri, na baba anasema sukari imekaa vizuri, sasa vidonge vya hospitali ataviacha. Tunaishi Tanga. Nimwambieje?

Marahaba, mwanangu. Barua yako nimeisoma zaidi ya mara moja, kwa sababu zipo nyingine nyingi zinazofanana nayo, na kwa sababu jibu lake si la kupuuza unga huo wala la kuusifu.

Unga huo una msingi wa kisayansi. Majani ya mforsadi yana dutu iitwayo deoksinojirimaisini, ambayo watafiti huifupisha DNJ, na ambayo wanasayansi wa Japani waliitenga kutoka kwenye mizizi ya mti huo mwaka 1976. Umbo lake linakaribia sana umbo la glukosi. Baba yako anapokula ugali au wali, wanga hukatwa vipande vidogo hatua kwa hatua, na kazi ya mwisho ya kutoa glukosi hufanywa na vimeng'enya vilivyo kwenye ukuta wa utumbo mwembamba. DNJ huingia katika nafasi ya kimeng'enya kama ufunguo usio wake unaokwama ndani ya kufuli, na wanga unabaki ukisubiri. Matokeo yake, sukari huingia kwenye damu polepole, na ule mpando mkali wa baada ya kula hupungua. Dawa ya hospitali iitwayo akabosi hufanya kazi kwa njia hiyo hiyo, na dawa nyingine, miglitoli, imetengenezwa moja kwa moja kutokana na muundo wa DNJ. Kwa hiyo anayekuambia kwamba habari za kiwavi na sukari ni uzushi mtupu, naye hajasoma vizuri.

Kiwavi hula majani ya mforsadi maisha yake yote ya uwavi, na DNJ hujilimbikiza mwilini mwake hata kupita kiwango kilichomo kwenye jani lenyewe. Watafiti wa Korea ya Kusini walipochunguza ni siku gani kiwango kiko juu, waliangukia siku ya tatu ya hatua ya tano ya ukuaji, yaani baada ya kiwavi kujivua ngozi mara nne, akiwa bado anakula kwa ulafi mkubwa. Siku hiyo hugandishwa, hukaushwa bila moto na kusagwa. Akishaacha kula na kuanza kusokota uzi, DNJ hushuka sana, na ndani ya kifukofuko karibu haimo tena. Pupa wa kwenye kopo, pamoja na protini yake yote, hana kazi hii. Vivyo hivyo kiwavi wa eri, aina nyingine ya kiwavi wa hariri anayeliwa Assam, India, kwa sababu yeye hulishwa majani ya mbarika, si ya mforsadi. Wauzaji wengi hukusanya sifa za hawa wote na kuzibandika kwenye kopo moja, na hilo linaniudhi, kwa kuwa mnunuzi ni mgonjwa anayehangaika. Angalia lebo ya kopo la baba: isiposema ni kiwavi wa hatua gani na kina DNJ kiasi gani, hujui amekunywa nini.

Tuseme unga ni halisi. Bado kuna umbali mkubwa kati ya kupunguza mpando wa sukari baada ya mlo na kutibu kisukari. Majaribio mengi yalifanywa kwa panya; yale ya binadamu ni machache, ya watu wachache na ya muda mfupi. Metformini, kwa upande wake, hufanya kazi hasa kwenye ini, kwa njia tofauti na ya unga huo, na utafiti mkubwa wa Uingereza uliochapishwa mwaka 1998 ulionyesha kwamba wagonjwa wenye uzito mkubwa walioitumia walipata matatizo machache zaidi ya kisukari na vifo vilikuwa vichache zaidi. Hakuna utafiti wa aina hiyo kuhusu kiwavi wa hariri. Macho, figo na miguu ya baba yako inalindwa na kile kilichothibitishwa kwa miaka mingi, na akiacha vidonge, madhara hayatamjia kwa kelele, yatajijenga kimyakimya.

Lipo na la haraka zaidi, ambalo watu wa nyumbani wanapaswa kulijua leo. Glibenklamidi inaweza kushusha sukari kupita kiasi. Mtu anayetumia dawa hiyo pamoja na kitu chenye DNJ, sukari yake ikishuka akaanza kutoka jasho, kutetemeka na kuchanganyikiwa, msikimbilie chai ya sukari wala soda. Sukari ya mezani lazima ikatwe kwanza na vimeng'enya vile vile vilivyozibwa, kwa hiyo huchelewa. Mpeni glukosi ya unga, ile inayouzwa maduka ya dawa, iliyokorogwa kwenye maji, kwa sababu yenyewe haihitaji kukatwa. Na akiwa hawezi kumeza, msimtie kitu mdomoni, mpelekeni hospitali. Wekeni paketi moja ndani ya nyumba, na kila mtu ajue ilipo.

Usigombane naye. Mwambie unga haujakatazwa, ila usimamishwe kwanza mpaka siku ya kliniki, na vidonge viendelee kama vilivyo. Mwende na kopo lenyewe mkononi, daktari alione, kwa sababu bidhaa za asili za kisukari zimewahi kukutwa zimechanganywa kwa siri na dawa za hospitali, na sukari "iliyokaa vizuri" ghafla inaweza kuwa na maelezo hayo. Daktari akikubali autumie, apimwe kabla ya kula na saa mbili baadaye, siku za unga na siku zisizo na unga, na vipimo viandikwe kwenye daftari. Tumbo likijaa gesi au akiharisha, hilo ni la kutarajiwa, kwa kuwa wanga usiomeng'enywa huchachia kwenye utumbo mpana.

Nilisoma Korea ya Kusini na sasa nipo Nairobi. Rafiki ananiuzia unga wa viwavi "walioiva" waliopikwa kwa mvuke, akisema unaongeza kumbukumbu, unalinda ini na kurefusha maisha. Je, huu ni tofauti na ule wa sukari?

Ni tofauti. Kiwavi aliyekaribia kusokota amejaa protini ya hariri mwilini, na mwili wake huwa mgumu kiasi kwamba zamani hakuweza kusagwa vizuri. Watafiti wa Korea waligundua kwamba akipikwa kwanza kwa mvuke, kisha akagandishwa na kukaushwa, anasagika, na unga huo wakauita HongJam. Faida ulizotajiwa zimeonekana zaidi kwa nzi wa matunda na panya wa maabara: panya waliolishwa pombe ini lao liliumia kidogo kuliko la wenzao, na nzi wengine waliishi muda mrefu zaidi. Matokeo hayo yanastahili kuendelezwa, nami nayafuatilia kwa hamu, lakini mtu si nzi wa matunda, na bei unayotajiwa inalipia ahadi ambayo bado haijathibitishwa kwa binadamu. Japani iliweka tangu mwaka 1991 utaratibu unaomtaka mtengenezaji wa chakula kinachodai kusaidia afya alete ushahidi kabla ya kuandika dai hilo kwenye pakiti. Mwombe rafiki yako ushahidi wa namna hiyo, uliofanywa kwa watu, kuhusu bidhaa hiyo hiyo anayouza. Ukiukosa, utumie unga huo kama chakula chenye protini ukipenda, wala usiulipie kama dawa.

Nikila kamba au kaa midomo inavimba na ngozi inawasha. Nipo Mombasa na shemeji ataniletea pupa wa kopo. Nijaribu kidogo?

Usijaribu, hata mmoja. Wadudu na kamba ni ndugu kwa mbali, na baadhi ya protini zinazowasha mzio, hasa tropomayosini na aginini kinesi, zinafanana kati yao kiasi kwamba mwili uliozoea kupigana na kamba unaweza kumshambulia kiwavi siku ya kwanza anapoonjwa. Kuchemsha hakuondoi hatari hiyo. Nchini China, ambako pupa huliwa na watu wengi, madaktari walikadiria katika taarifa ya mwaka 2008 kwamba zaidi ya watu 1000 kwa mwaka hupata mshtuko wa mzio kwa sababu yake, na miongoni mwa wagonjwa walioelezwa wapo waliokuwa wakimla kwa mara ya kwanza maishani. Onyo hili linawahusu pia wenye pumu inayochochewa na vumbi la nyumbani, kwa kuwa utitiri wa vumbi nao una protini za jamii hiyo, na wafanyakazi wa viwanda vya hariri wanajulikana kupata pumu ya kazini. Unga na vidonge vya kiwavi ni sawa na pupa mzima katika jambo hili. Mtu akimla kisha akaanza kuvimba koo, kukosa pumzi au kuzimia, apelekwe mara moja mahali penye sindano ya adrenalini. Vidonge vya mafua na mzio havitoshi.

Je, ni halali kwetu Waislamu kumla? Nauliza kutoka Unguja.

Hukumu ya dini si yangu kuitoa, na namwachia sheikh wako. Ninachokifahamu ni kwamba nzige ametajwa wazi katika hadithi kuwa halali, na kwamba fiqhi ya Shafi, inayofuatwa na wengi katika pwani yetu, haimjumuishi kiwavi katika ruhusa hiyo, wakati wanazuoni wa Maliki wana mtazamo mpana zaidi juu ya wadudu. Kwa upande wa afya naweza kukusaidia. Ikiwa unachokitafuta ni ile DNJ ya kupunguza mpando wa sukari, inapatikana kwenye majani ya mforsadi yenyewe, ambayo hukaushwa na kunywewa kama chai, na ambayo kwa hakika yamejaribiwa kwa binadamu mara nyingi kuliko kiwavi. Tahadhari nilizompa msomaji wa Tanga zinabaki zile zile kwa yeyote anayetumia dawa za kisukari.

Mimi ni mstaafu, Arusha, nina jongo. Nimesikia wadudu hawana madhara ya nyama nyekundu.

Kwa jongo, wanayo. Pupa ana purini kama walivyo nyama, maini na dagaa, na purini ndizo mwili huzigeuza kuwa asidi ya yuriki inayokuumiza kidole cha mguu. Protini yako itafute zaidi kwenye maziwa na mayai, na pupa muache, hasa wakati maumivu yameamka.

Nauguza goti, na duka la dawa hapa Kisumu hunipa kidonge chenye diklofenaki, paracetamol na seratiopeptidesi. Muuzaji anasema hiyo ya tatu hutoka kwa kiwavi wa hariri. Je, nikila viwavi nitapata nafuu ile ile bila kemikali?

Muuzaji amekupa nusu ya habari. Mwishoni mwa miaka ya 1960 watafiti wa Japani walimpata bakteria wa jamii ya Serratia katika utumbo wa kiwavi wa hariri, na bakteria huyo ndiye anayetengeneza kimeng'enya hicho. Leo hukuzwa katika matangi ya kiwandani na hakuna kiwavi anayehusika, wala ukimla kiwavi hutapata dawa hiyo. Zaidi ya hayo, Japani yenyewe iliacha kukiuza mwaka 2011, baada ya majaribio kuonyesha kwamba hakikumsaidia mgonjwa kuliko kidonge kisicho na dawa. Kinachokutuliza ni diklofenaki na paracetamol. Diklofenaki ikitumiwa mfululizo huchubua tumbo na kudhuru figo, kwa hiyo goti linalohitaji kidonge hicho kila siku linahitaji kuonwa na daktari.

Sisi tunaishi karibu na msitu wa Kakamega. Kuna viwavi wa porini wanaokaa pamoja katika kiota kimoja kikubwa cha hariri ya kahawia. Je, nao wana faida hizi, na tunaweza kuwala?

Viwavi hao ni wa jenasi ya Anaphe, na wanasayansi wa icipe, kituo cha utafiti wa wadudu chenye makao Nairobi, wamefanya kazi na wakulima wa huko kwenu ili hariri yao ilete kipato bila kuumaliza msitu. Hawali mforsadi, kwa hiyo habari za DNJ na sukari haziwahusu. Ndugu zao wa karibu huliwa katika sehemu mbalimbali za Afrika, na wana protini na mafuta ya kutosha, lakini wana historia ambayo kila anayekusudia kuwala anapaswa kuijua.

Kusini-magharibi mwa Nigeria, kwa miaka mingi, msimu wa mvua ulileta hospitalini watu wenye ugonjwa wa ajabu. Saa chache baada ya mlo, mtu aliyekuwa mzima alianza kutetemeka mwili mzima, akayumba kama mlevi, akashindwa kutembea, na wengine fahamu zikawapotea kwa muda. Miaka ya 1990 daktari wa mishipa ya fahamu, Bola Adamolekun, alionyesha kwamba wagonjwa walikuwa wamekula viwavi wa Anaphe venata pamoja na chakula kingi cha wanga. Wengi walikuwa watu wa kipato kidogo ambao mlo wao wa kila siku, uliotegemea mihogo, ulikuwa tayari na upungufu wa vitamini B1. Ndani ya viwavi hao kuna kimeng'enya kinachovunja vitamini hiyo, na uchunguzi uliochapishwa mwaka 2000 ulionyesha kwamba kimeng'enya hicho ni sugu: kinafanya kazi hata kwenye joto la nyuzi 70 za Selsiasi, kwa hiyo kuwachoma juujuu au kuwakausha kwenye majivu hakutoshi. Mwili unapopokea wanga mwingi huhitaji vitamini B1 ili kuutumia, na hapo upungufu uliokuwa umejificha hujitokeza wote kwa mara moja. Wagonjwa waliopewa vitamini B1 walipona vizuri kuliko wasiopewa.

Kwa hiyo, mkitaka kuwala, wachemsheni kwa muda mrefu katika maji yanayotokota sawasawa, maji hayo mwagilieni mbali, kisha mkaange. Wasiwe kitoweo cha pekee cha siku baada ya siku. Waliwe pamoja na maharage, kunde au njugu, ambazo zina vitamini B1, na watoto wadogo, wajawazito na watu waliodhoofika kwa njaa, pombe au maradhi wasipewe kabisa. Wakati wa kufungua viota, funikeni mikono, macho na pua, kwa sababu nywele za viwavi hao zimejaa humo na huwasha vibaya. Ikitokea mtu akaanza kutetemeka na kuyumba baada ya kuwala, msimwache alale mkidhani ni uchovu. Mpelekeni hospitali siku hiyo hiyo na mwambieni daktari waziwazi alichokula, pamoja na kumtajia vitamini B1, kwa kuwa ni madaktari wachache hapa kwetu waliopata kuuona ugonjwa huo.